Vitabu vya Kutia Kwenye Sanduku la Biharusi

Leo hatuna mshono mpya wala namna ya kufunga ushungi. Leo tunazungumzia vitabu, na tunaanza na mabiharusi watarajiwa, maana nyinyi ndio mnaopanga sanduku sasa hivi: khanga doti ngapi, udi, manukato, viatu. Tunataka mwache nafasi ndogo pembeni, ya unene wa vidole viwili.

Sisi tuko Mugeta, wilaya ya Bunda, mkoa wa Mara. Kwa asiyekujua, huku ni bara hasa, ziwa liko upande wa magharibi, na ukizidi kwenda mashariki unaingia Serengeti. Chumba chetu cha ushonaji kina cherehani tatu za miguu, moja ya umeme, na ovaloki ambayo umeme ukikatika inageuka meza ya kuwekea chai. Tuko wanawake watano. Mwenye chumba, ambaye ndiye anayeshika simu na kuandika haya kwa niaba ya wote, alimaliza kidato cha nne kisha akasomea ushonaji. Watatu wetu ni Waislamu, wawili ni Wasabato. Kwa hiyo Ijumaa tunafunga mchana mpaka watu watoke msikitini, na Jumamosi wenzetu hawapo. Maharusi huja zaidi pamba ikishauzwa, mifuko ya akina baba ikiwa na kitu.

Gauni la biharusi lina saa nyingi za kazi ya mkono. Kutunga shanga kifuani, kupinda shela, kushona vifungo vya mgongoni vidogo kama punje za mtama. Saa hizo cherehani zinanyamaza, na chumba chenye wanawake watano hakinyamazi. Mnajua wenyewe kinachofuata. Fundi anajua mengi kuliko anavyotaka kujua. Futi inamwambia nani kiuno kimeongezeka ndani ya wiki tatu na nani ana alama ya kipigo begani. Anajua mahari imekwama wapi, gauni limelipiwa na nani, na mama mkwe yupi amekuja kuchagua kitambaa bila biharusi mwenyewe. Yote hayo ni amana. Lakini ulimi hauna mfupa, na ghiba ni ghiba hata ukiisema kwa sauti ya chini huku unatunga shanga.

Vitabu vilitupa watu wa kuwasema. Mtu wa hadithini ukimjadili toka asubuhi mpaka alasiri hujala nyama ya ndugu yako. Ana mume, ana mawifi, ana siri, ana makosa, na hana mtaa anaoishi ambako maneno yatamfikia. Tukaona tunaweza kuzungumza ndoa nzima, na mambo mazito ya chumbani kwa adabu yake, bila kumtaja jirani. Basi mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanashona, na anayesoma hupokezana na anayesubiri pasi ya mkaa ishike moto. Ilianza hivyo, na sasa wateja wengine wanachelewa makusudi kuchukua nguo zao.

Tuanze na kitabu tulichokaa nacho muda mrefu kuliko vyote, cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Jina lake refu mpaka unapumzika katikati: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Ukerewe si mbali na kwetu. Unakwenda Bunda, unashika njia ya Kisorya, unapanda kivuko mpaka Rugezi, umefika. Kitereza alizaliwa 1896, akasoma misheni, na mwaka 1945 alikuwa ameshamaliza kukiandika kitabu hiki kwa Kikerewe. Hakupata wa kukichapa. Akakigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, na bado akasubiri miaka. Kilitolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, naye akafariki 1981 kabla ya kukishika mkononi. Sisi tulikipata kwa mwalimu mstaafu aliyekuwa amekifunga kwa karatasi ya saruji. Alitupa kwa masharti mawili: tusikunje kurasa, na tusikiache karibu na chai.

Kisa chenyewe ni cha mke na mume wanaopendana ambao hawajapata mtoto. Ndugu za mume wanaanza maneno: huyu mke wa nini, mwache, oa mwingine. Wazazi wa Bugonoka wanasikia jinsi binti yao anavyosemwa, wanakuja kumchukua. Myombekere anabaki peke yake na nyumba yake. Halafu anafanya jambo ambalo lilitusimamisha sindano: anamfuata mkewe ukweni. Anaomba. Anatozwa pombe ya ndizi ndipo arudishiwe mke (pombe ile tuiache palepale kwenye karatasi, Waislamu wenzangu, tuchukue lile la kufuata). Anahangaika, anaipata, anampata mkewe. Baadaye wanatafuta mganga, na watoto wanakuja, wa kiume Ntulanalwo na wa kike Bulihwali. Ndani yake kuna kila kitu: namna ya kulima, kuvua, kupika, kusalimia wakwe, kuugua, kuzika. Kuna kurasa nzima watu wanasalimiana tu. Mmoja wetu alilalamika kwamba hadithi haitembei. Mwenzetu Msabato, ambaye mama yake ni wa kisiwa kile, akasema ndivyo wanavyosalimiana, hajaongeza hata neno.

Siku tunafika pale Myombekere anapokwenda ukweni, kati yetu alikuwapo mwanagenzi aliyekuja kujifunza kushona miezi michache nyuma. Tulijua aliolewa na tulijua anakaa kwa wazazi wake, basi. Hakuwa msemaji. Siku ile alikuwa anapasua mshono wa bitana, akaacha wembe, akasema, "Dada, rudia hapo." Tukarudia. Akauliza, "Alimfuata mwenyewe? Hakutuma mtu?" Tukamwambia mwenyewe. Akashika wembe wake akaendelea na kazi.

Hatukumuuliza kitu. Tulizungumza habari za Bugonoka siku tatu mfululizo. Tulibishana kama baba yake alifanya vizuri kumchukua, au alimwongezea aibu. Bibi mmoja aliyekuja kupunguza khanzu ya mumewe akasema wazazi wa siku zile walikuwa wanajua thamani ya binti, siku hizi ukirudishwa wanakuuliza umefanya nini. Yule mwanagenzi akaitikia, "Ni kweli bibi, wanauliza hivyo." Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kusikia habari za nyumbani kwake, na alizisema kupitia kwa mtu wa Ukerewe aliyetungwa kabla ya mama yake kuzaliwa. Miaka mitatu ya ndoa, hakuna mtoto, akaambiwa akapumzike kwao kidogo. Hakupewa talaka. Simu ilikuwa inapigwa na mawifi, mume hapigi.

Yaliyofuata ametupa ruhusa kuyaandika, bila jina. Alipoletewa mzee wa upande wa mume kuzungumza habari za kurudi, alisema kwa heshima kwamba anamsubiri mwenyewe aje. Wazazi wake walikasirika, maana mzee amekuja na miguu yake na amepewa soda akanywa. Lakini mume alikuja. Alikaa kwenye benchi letu la wateja, kofia mkononi, na sisi sote ghafla tukawa na shughuli nje. Walikubaliana mambo mawili. Kwanza hakuna wifi wa kuingilia. Pili waende hospitali wote wawili, wapimwe wote wawili. Hili la pili tunawaandikia kwa herufi za kukoza, dada zetu, maana mwanamke anazungushwa kwa waganga miaka mitano na mwanamume hajapimwa hata mara moja, wakati sababu inaweza kuwa kwake vilevile, na kipimo chake cha mwanzo ni chepesi kuliko cha mwanamke. Walikwenda. Majibu ni yao.

Kitereza mwenyewe na mkewe walizika watoto wao wote. Hatukulijua hilo tulipoanza kusoma. Tulipoambiwa na yule mwalimu, mmoja wetu alifungua tena ukurasa wa kuzaliwa Ntulanalwo akausoma kimoyomoyo, kisha akakirudisha kitabu kwenye karatasi yake ya saruji. Siku ile hatukusoma tena.

Kitabu cha pili si cha biharusi mpya, ni cha aliyekaa kwenye ndoa. Kinaitwa Barua Ndefu Kama Hii. Mwandishi ni Mariama Bâ wa Senegali, alikitoa kwa Kifaransa mwaka 1979, na Clement Maganga akakitafsiri kwa Kiswahili. Ni kidogo, unakimaliza wiki moja. Mwanamke anaitwa Ramatoulaye, Mwislamu, mwalimu, yuko ndani ya eda. Mumewe Modou amefariki, na siku zile za kukaa ndani anamwandikia barua rafiki yake Aissatou. Anamwambia yote: mapenzi yao ya ujanani, watoto, na jinsi mume, baada ya miaka mingi, alivyooa msichana aliyekuwa rafiki wa binti yake mwenyewe.

Mjane mmoja wa jirani yetu alipoingia eda tulikwenda kumsalimu, tukaona siku zake ni ndefu mno. Miezi minne na siku kumi, watu huja wiki ya kwanza kwa wingi, kisha wanapungua. Tukaanza kwenda wawiliwawili baada ya kazi kumsomea. Mwanzo tulimsomea visa vya Mitume, alivipenda. Kisha tukamuuliza kama anataka hiki. Akasema leteni.

Tulipofika habari ya ndoa ya pili alituambia tusimame, tukadhani tumemuumiza. Akasema, "Si kwa sababu ameoa. Ni kwa sababu hakumwambia." Na kweli, kwenye kitabu Ramatoulaye analetewa habari na watu wengine, imamu akiwa mmoja wao, ndoa ikiwa imeshafungwa. Jioni ile mjane yule alizungumza mpaka Ishaa. Hatusemi alizungumza nini. Tunasema hivi tu kwa wasomaji wetu wenye waume: hatubishani na alichohalalisha Mola. Tulichojadili chumbani mwetu mwezi mzima ni adabu ya kumwambia mtu uliyekula naye chungu kimoja, tena uso kwa uso. Wenzetu Wasabato waliokuwa wanatushangaa na uke wenza walikubali kwamba kwao nako yapo, ila hayana hati.

Nakala yetu ya kitabu hicho ilirudi kutoka kwa aliyeiazima ikinuka dagaa na bila kurasa nne za mwisho. Tunajua mwisho kwa kuwa mmoja wetu alikuwa amekwisha kuusoma, na sasa anausimulia kila mara tofauti kidogo.

Utendi wa Mwana Kupona hatuwezi kuuruka, maana nyinyi wa visiwani mtatucheka. Bibi yule wa Pate aliutunga mwaka 1858, akiwa mgonjwa, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Alifariki karibu mwaka 1860. Masomo na makungwi wengi huusoma kwa mwari mpaka leo, na tunaupenda. Kiswahili chake ni cha kaskazini, cha Pate na Lamu, kwa hiyo sisi watu wa ziwa tunautafuna taratibu, ubeti mmoja kisha tunatazamana.

Lakini tuna neno juu yake. Kuna wanaompa biharusi utendi huu kama karatasi ya masharti: mume akilala ufanye hivi, akitoka ufanye hivi, umeona, hata Mwana Kupona amesema. Sisi tunaomba uusome kama barua ya mama anayejua hatakuwapo. Mama ana binti kijana, baba wa mtoto ameshakufa, ugonjwa umemshika, na anachokifikiria ni huyu mtoto ataishi vipi katika nyumba za watu. Kila shauri lake ukilisoma na hofu hiyo linakuwa na ladha nyingine. Ndiyo maana sehemu ndefu ya utendi ule ni dua, naye anaomba kwa ajili yake, watoto wake na ndugu zake. Tulipousomea hivyo, biharusi mmoja aliyefiwa na mama yake alilia shela likiwa kichwani, tukalivua upesi lisipate wanja.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana hatukuzaliwa tukipenda vitabu. Wengi wetu tulisoma riwaya na tamthiliya sekondari kwa ajili ya mtihani: Takadini, Watoto wa Mama Ntilie, Joka la Mdimu, Ngoswe, Kilio Chetu. Tuliambiwa tutaje dhamira, falsafa, na ujumbe. Tulikariri. Mtu alimaliza kidato cha nne anajua "usawiri wa wahusika" na hajawahi kukaa na mhusika hata mmoja. Takadini tulikisoma upya ukubwani kwa sababu ya yule mama, Sekai, aliyekaa miaka akisubiri mtoto, na alipompata akawa zeruzeru, na akakimbia naye usiku ili asiuawe. Sisi ni watu wa kanda ya ziwa, tunajua albino walivyowindwa huku. Tulipokuwa shuleni tuliandika kwamba ujumbe ni "tusiwabague watu wenye ulemavu", tukapata alama mbili. Ukubwani, na watoto mgongoni, Sekai alitutoa jasho.

Na katuni msizidharau. Mmoja wetu aliachia shule darasa la nne. Kusoma alikuwa anakujua kama mtu anayejua njia ya kijiji alichopita mara moja. Kilichomrudisha ni rundo la magazeti ya Sani ya kaka yake, yale ya Ndumilakuwili, Kipepe, Lodi Lofa na Madenge yule mtoto mtukutu. Alikuwa anatazama picha kwanza, anajua kinachotokea, halafu anayatafuta maneno yanayolingana nayo. Jina Sani lenyewe limetoka kwa waanzilishi wake wawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, herufi mbili za kila mmoja. Sani lina kurasa za kuruka, tusidanganyane, na tuliziruka, ingawa mwenzetu huyo anasema hizo ndizo alizojitahidi zaidi kuzisoma. Leo anasoma kwa sauti kama sisi wengine, na anapokwama haoni haya kusema "ngojeni".

Tunapofikiria kujifunza kwa namna hiyo tunamkumbuka Bibi Salme, binti wa Sayyid Said. Ameeleza katika kumbukumbu zake, zilizochapwa 1886, kwamba wasichana wa jumba walifundishwa kusoma Msahafu lakini si kuandika, naye akajifundisha kwa siri, akinakili herufi juu ya mfupa wa bega la ngamia. Maisha yake baadaye yalikwenda njia nyingine ambayo si yetu. Lakini ule mfupa tunauheshimu.

Katuni nyingine ya kutafuta ni Abunuwasi aliyechorwa na Gado, yule Mtanzania mchoraji wa magazeti ya Nairobi, ikachapwa na Sasa Sema huko huko Nairobi. Hekaya zile sote tulizijua kwa bibi zetu. Kuziona zimechorwa, Abunuwasi na kilemba chake na uso wa kutojua kitu, ni raha nyingine. Hiyo tunaitoa kwa biharusi anayeolewa mahali penye watoto wa kufikia. Ukiingia nyumba yenye watoto wasiokujua, usianze na fagio wala "niiteni mama". Anza na Abunuwasi, soma mwenyewe kwa sauti kama huwaoni. Watasogea.

Vya kucheka na kubahatisha, chukua vya Muhammed Said Abdulla, mtu wenu wa Makunduchi. Mzimu wa Watu wa Kale, Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, chochote utakachopata. Bwana Msa na kiko chake, na Najum anayekosea kila mara kwa niaba yetu. Chumba kizima kinaweka dau la maandazi nani muuaji. Ni vizuri pia kwa mume asiyependa kusoma. Mwanzie sura moja, halafu ukifiche kitabu.

Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert ni mfupi na hauhitaji maelezo kwa watu wa Unguja. Tunausoma kwa fundi yeyote aliyedharauliwa na mteja. Siti aliuza vyungu vya mama yake kabla ya mtu yeyote kumwita jina lake kwa heshima.

Kuna vitabu tunavyovipenda lakini hatuvitii kwenye sanduku la biharusi. Tunawapa mama zao. Rosa Mistika ya Kezilahabi, mwana wa Ukerewe huyo huyo, iliyotoka 1971, na Utengano ya Said Ahmed Mohamed, Mzanzibari, ya 1980. Visome kimoja baada ya kingine. Kimoja nyumba ya Wakatoliki ziwani, kingine nyumba ya Waislamu pwani, na baba ni yule yule. Zakaria na Maksuudi, kila mmoja kamfungia binti kwa fimbo na macho makali, na binti akitoka mlangoni hana akili ya kumlinda kwa sababu hakupewa nafasi ya kuitumia. Mambo yaliyomo ni mazito, na mwisho wa Rosa unauma. Mama mmoja alituuliza kwa nini tunasoma uchafu. Tulimjibu kwa adabu kwamba tunasoma habari za baba. Kwa anayetaka cha karibuni zaidi, yuko Zainab Alwi Baharoon, mwanamke wa Zanzibar, kitabu chake Mungu Hakopeshwi kilipata tuzo ya Mabati-Cornell mwaka 2018. Nacho ni cha baba ambaye neno lake ndilo la mwisho nyumbani. Tunakimalizia sasa.

Kimoja kimetugawa kabisa. Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka 1999, ambayo Amil Shivji aliitolea filamu mwaka 2021. Yasmin ni msichana mdogo wa Kihindi, Unguja ya wakati wa Mwingereza, anaozwa kwa Bwana Raza mwenye umri wa baba yake. Hakuna aliyemuuliza. Anaondoka, ndugu wanamkataa, anapokelewa na Mwajuma kule Ng'ambo, na hapo anakutana na Denge, mpigania uhuru.

Nusu ya chumba wanasema kitabu hiki kisiingie sandukuni, kwa sababu mapenzi ya Yasmin na Denge hayana ndoa na biharusi hahitaji kuambiwa habari za kuondoka kabla hajafika. Nusu nyingine wanasema biharusi ndiye hasa wa kukisoma, tena kabla ya siku ya kuandikishwa, kwa ajili ya kurasa za mwanzo tu. Dini yetu inataka msichana aulizwe. Hata kunyamaza kwake kwa haya kunahesabiwa jibu, lakini lazima kwanza liwepo swali. Sisi tunawapima mabiharusi, futi iko shingoni mwao, tunamwona aliyeulizwa na tunamwona asiyeulizwa. Asiyeulizwa hachagui rangi ya shanga. Unamwonyesha za fedha na za dhahabu, anakwambia "yoyote".

Ijumaa ijayo tunakabidhi gauni la binti mmoja wa hapa hapa. Anakwenda kuolewa Musoma, na kwa desturi yetu kila biharusi tunayemshonea tunamtilia kitabu kimoja, kimefungwa kwenye kipande cha kitambaa cha gauni lake. Mwenzetu Msabato anataka apewe Kitereza, nasi tunamwambia nakala ni ya mwalimu na haitoki Mugeta. Mwanagenzi wetu wa zamani, ambaye siku hizi anakuja mara mbili kwa wiki na anarudi kwake jioni, anataka apewe Vuta n'kuvute, na hasemi kwa nini. Mwenye chumba anataka Mwana Kupona. Tulimuuliza biharusi mwenyewe alipokuja kujaribisha juzi. Akasema kama ipo ya Bwana Msa, apewe hiyo, maana mumewe mtarajiwa anafanya kazi zamu ya usiku na yeye anaogopa kulala peke yake kimya kimya.

Gauni limeisha, limebaki vifungo vitatu. Kitabu bado tunabishana.